Mkono Nyuma ya Injini

Habari kwamba vidole vya mama vilikuwa vimeanza kufa ganzi tuliletewa na gari. Ilikuwa Jumatatu alasiri, uani kwetu Riruta, mwishoni mwa mvua za masika. Baba aliwasha injini kama alivyofanya kila mara baada ya kubadilisha oili, na oili mpya, ya rangi ya asali, ikaruka kutoka nyuma ya injini, ikatiririka kwenye saruji, ikapita chini ya mlango wa mpangaji wetu wa kwanza na kufika kwenye viatu vyake. Baba alizima gari. Mama alikuwa bado amesimama mbele ya boneti, mkono wake wa kulia mweusi hadi kiwikoni, akiutazama kana kwamba ameuazima kwa mtu.

Sababu ya mkono wa mama kuwa ndani ya injini inaanzia kwenye ua wenyewe.

Kiwanja chetu kilikuwa chembamba na kirefu, kama vilivyo viwanja vingi vya familia zilizogawana shamba moja tangu enzi za babu. Baba alipokaribia kustaafu, aliamua kujenga vyumba vya kupangisha kando ya ua, kuanzia langoni hadi karibu na jikoni kwetu. Ili asijifungie njia, alichukua kamba akalipima gari upana, pamoja na vioo vyake vya pembeni, akaongeza kiganja kimoja kila upande, kisha akamkabidhi mwashi ile kamba. Kuta zilipanda, mabati yakapigiliwa, wapangaji wakahamia. Jioni ya kwanza baba aliingiza gari taratibu, likaenea vizuri kabisa, akazima, akajaribu kufungua mlango. Ulifunguka kiasi cha kupitisha gazeti. Alikuwa amepima gari likiwa limefungwa milango.

Baba hakuwa mtu wa kubomoa alichojenga. Tangu siku hiyo sisi wengine tulishukia langoni na kupita kichochoro cha nyuma ya vyumba, yeye akaingiza gari pua mbele mpaka karibu na mlango wa jikoni, kisha akalaza viti vya nyuma, akavivuka kwa magoti, na kutokea nyuma kupitia mlango wa buti. Gari lilikuwa la Kijapani, lile la aina ya steshenwagoni, kwa hiyo nafasi ilitosha. Wapangaji walizoea kumwona landilodi wao akitoka kwenye buti kila jioni. Jumapili alitoka akiwa na suti na tai, Biblia imetangulia.

Kwa miaka mingi alikuwa ameuza vipuri katika duka moja la Barabara ya Kirinyaga, mjini, kwa hiyo mambo ya gari aliyajua. Gari alikuwa akilipeleka kwa mafundi wa kando ya barabara likabadilishwe oili, mpaka siku moja fundi aliposhindwa kuifungua filta ya oili, akaitoboa kwa bisibisi na nyundo ili apate pa kushikia. Hilo ni jambo wanalolifanya wengi, na gari halikudhurika. Lakini baba alirudi nyumbani, akala, na alipomaliza akasema, "Filta inafungwa na mkono, inafunguliwa na mkono. Yule ametoboa kitu kama anafungua mkebe wa maharagwe." Akaapa kwamba kazi hiyo itafanyikia nyumbani.

Kiapo kilikuwa rahisi kuliko kazi. Katika gari letu filta ilikuwa imejificha nyuma ya injini, upande wa ukuta unaotenganisha injini na abiria, chini ya mabomba. Kutoka chini haikufikika. Kutoka juu palikuwa na upenyo mmoja tu, kati ya bomba la maji na chuma, na mkono uliopita hapo ulipaswa kupinda kiwiko, kushuka bila kuona, na kuipapasa filta kama mtu anayetafuta sarafu iliyoanguka nyuma ya kabati. Mkono wa baba ulikwama kwenye vifundo. Alijaribu kuupaka sabuni, ukaingia, kisha ukakataa kutoka, na kwa muda fulani alikuwa ameshikwa na gari lake mwenyewe huku wapangaji wakipita na ndoo za maji na kumjulia hali.

Mimi nilijaribu baada yake. Kwa desturi ya kwetu, binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, na pamoja na jina hilo mimi nilipewa viganja vyake, vipana kama vya mtu aliyechuma chai maisha yake yote. Baba huniita "mami" kwa sababu hiyo. Mama, akitaka kunichokoza, huniita mavyaa.

"Mavyaa, toka hapo," alisema mama siku hiyo, akipandisha mkono wa sweta. "Hiyo mikono yenu ni ya jembe."

Mama alikuwa msusi Soko la Kenyatta. Mkono wake ulikuwa mwembamba kama wa msichana, lakini vidole vilikuwa na nguvu ambazo nilizijua vyema, kwa kuwa kichwa changu ndicho kilichofanyiwa mazoezi. Sokoni alisuka bila kutazama. Macho yake yalikuwa kwenye mlango, yakifuata nani amepita na nani ameingia kwa jirani, mdomo wake ukibishana na wachoma nyama wa safu ya pili kuhusu moshi wao, na huku chini vidole vinagawa nywele mistari iliyonyooka kama matuta ya shamba. Aliupitisha mkono katika ule upenyo, akafumba macho, na baada ya muda mfupi akasema, "Kumbe ni hii tu?" Akaizungusha filta, akaitoa.

Hivyo ndivyo kazi ikagawanyika. Ilifanywa Jumatatu, siku ambayo saluni hulala, na siku ambayo mimi pia nilikuwa sina kazi kwa sababu gazetini, nilikokuwa mwandishi wa habari, niliingia zamu ya Jumapili. Baba alipandisha magurudumu ya mbele juu ya mbao, akatandika katoni, akajisukuma chini ya gari kutokea mbele, chali, mpaka zikabaki soksi zake tu. Yeye alifungua nati ya chini na kukinga oili chafu kwenye beseni. Mama alisimama mbele ya boneti, mkono ndani. Mimi nilishika tochi na kupokea vitu.

Kati yao palikuwa na injini nzima. Hawakuonana hata kidogo, walisikiana tu, na nadhani ndiyo sababu waliongea pale kuliko mahali pengine popote. Mezani baba alikuwa mtu wa "lete chumvi". Chini ya gari aliuliza mambo.

"Mama."

"Naam."

"Unaonaje huyu mtoto, ataolewa kweli?"

"Niko hapa, baba," nilisema.

"Najua uko hapo. Naongea na mwenye gari."

"Mkono wangu uko kwenye moto na wewe unaniuliza maneno ya harusi," alijibu mama. "Kinga hiyo oili, inakuja."

Waliamua kupitia ile injini kwamba ndugu yangu mdogo aende chuo. Walisameheana pale juu ya shangazi mmoja wa mtaa wa Waithaka ambaye sitamweleza zaidi. Mpangaji wa chumba cha kwanza kutoka jikoni, aliyekuwa soja wa usiku katika jengo moja la mjini na hivyo hulala mchana, alikuwa na dirisha linalotazama boneti, na mara nyingi sauti yake ilitoka nyuma ya pazia: "Landi, ongeza sauti kidogo, hiyo ya shangazi sijaisikia vizuri."

Kulikuwa na kanuni moja ambayo baba aliirudia kila mara. Filta ina pete ya mpira mdomoni, inayozuia oili isivuje. Mara nyingine ukitoa filta kuukuu, pete yake hubaki imegandana na injini. Ukifunga filta mpya juu yake, pete zinakuwa mbili, moja juu ya nyingine, na hazishiki. Kwa hiyo kabla ya kufunga, lazima kidole kipitishwe mduara mzima pale filta inapokaa, kuhakikisha pako wazi. Macho hayafiki pale. Ni kidole tu.

"Mama, kuna mpira?" baba aliuliza kutoka chini, kila mara kwa maneno yale yale.

Mama alipitisha kidole. "Hakuna."

Ndipo alipopaka oili safi kwenye pete mpya kwa ncha ya kidole, akaizungusha filta mpaka ikagusa, kisha akaikaza kidogo tu. Alisema inakazwa kama mstari wa kwanza wa nywele penye paji la uso: ushike, lakini usimnyanyue mteja nyusi.

Jumatatu ile ya masika baba aliuliza, mama akapitisha kidole, akasema, "Hakuna." Nilikuwa nimeshika tochi. Sikusikia tofauti yoyote katika sauti yake.

Baada ya oili kumwagika, soja alifungua mlango akiwa amejifunga shuka, akatazama viatu vyake vya kazi, kimoja kimoja. "Landi," alisema, "hiyo oili yako imekuja kwangu kunywa chai?" Hakuna aliyecheka. Aliona uso wa mama, akachukua ufagio wake mwenyewe na kuanza kuzuia ile oili isiende kwa jirani.

Mama aliingiza mkono tena, akatoa filta mpya. Pete zilikuwa mbili. Baba alizitazama, akazitenganisha kwa kucha, akaiweka ile kuukuu juu ya betri ya gari.

"Si ulipitisha kidole?" aliuliza. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia.

"Nilipitisha."

"Na hukuisikia?"

Mama alikaa juu ya ngazi ya jikoni. Alijipangusa mkono kwa kitambaa, kidole baada ya kidole, polepole, kisha akatueleza. Ni tangu kabla ya Krismasi. Kidole gumba na viwili vinavyofuata huwa kama vimevaa glavu. Asubuhi huviamsha kwa maji moto kabla sisi hatujaamka. Mteja mmoja wa miaka mingi alikuwa amejitazama kwenye kioo, akasema mistari imelala upande, akacheka, na hakurudi. "Nilidhani ni baridi," alisema mama. "Nikasema mvua ikiisha, itaisha."

Baba alisema, "Ni mimi ningeangalia ile filta kuukuu. Haikuwa na pete mdomoni, ningeona." Ilikuwa kweli kwamba angeweza kuiona. Ilikuwa kweli pia kwamba alikuwa chini ya gari, na kwamba mimi niliyeipokea sikuitazama mdomo. Mama alimtazama, akatikisa kichwa, akasema, "Wacha, Baba. Kidole ni changu."

Daktari tuliyemwona mjini alimgongagonga mama kwenye kifundo cha mkono na kumpindisha kiganja. Alisema mshipa wa fahamu unaopita hapo umebanwa, jambo la kawaida kwa watu wa kazi za mikono. Alimpa kibanio cha kunyoosha kifundo cha mkono, cha kuvaa usiku, akamwambia aache kusuka kwa muda, na kwamba hisia zinaweza kurudi. Mama alimuuliza kama zikirudi zitarudi zote. Daktari alisema kila mkono una mambo yake. Tulipokuwa tukitembea kurudi kwenye gari, mama alishika mfuko wa dawa kwa mkono wa kushoto, na baba akahamia upande wake wa kulia, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

Saluni haikufungwa. Mama aliosha vichwa, akapanga wateja, akawaelekeza wasichana wawili aliokuwa amewafundisha. Alisema hana neno. Lakini kazi aliyojulikana nayo, zile rasta nyembamba kama uzi ambazo wanawake walizifuata kutoka mbali, wasichana wale hawakuiweza, na waliozitaka wakaanza kwenda kibanda cha jirani. Aliporudi nyumbani alinukia shampuu badala ya moshi wa nyama, kwa kuwa alishinda ndani kwenye sinki, mbali na mlango. Jioni moja nilimkuta jikoni amefumba macho, mkono umezama kwenye bakuli la dengu ambazo hazijapikwa, anazichambua taratibu. Aliponiona, alifumbua macho na kuendelea kuzichambua kama kawaida.

Baba naye alianza mchezo wake. Alikuwa na mkebe wa vitu vidogo alivyovileta kutoka dukani miaka yote ile: nati, washa zenye tundu katikati, klipu, springi. Wakati wa taarifa ya habari alikaa karibu na mama, akamwekea kitu kiganjani bila kusema ni nini, macho yake yako kwenye televisheni.

"Nini hiyo?" baba aliuliza.

"Washa."

"Ya shaba ama ya chuma?"

"Baba, hata wewe hungejua."

"Ya shaba ni laini. Haya, hii?"

"Hii ni... springi. Hapana. Ngoja. Ni skrubu?"

"Springi."

"Nilisema springi!"

"Ulisema ikapita."

Siku nyingine alipata zote. Siku nyingine alizikosa zote, akamrudishia baba mkebe, akaenda kulala mapema. Mara mbili tatu nilimwona mama akiinamisha shingo kuchungulia kiganja chake wakati baba anamtazama msomaji wa habari. Alinikonyeza. Baba, ambaye aliishi maisha yake kwenye kaunta akitazama mikono ya wateja, sidhani kama hakuona.

Gari liliendelea kumpeleka mama sokoni na kumrudisha, na kabla ya mwisho wa mwaka oili ikafikia kubadilishwa tena. Nilipendekeza tuipeleke kwa fundi fulani wa Barabara ya Naivasha ambaye ana shimo la kushukia chini ya gari na vijana wenye mikono myembamba. Baba alikuwa anakunywa chai.

"Hapana, mami. Filta hiyo ina mwenyewe."

Nilimwambia, mama akiwa nje akianua nguo, kwamba huko ni kumpa mtihani asiouomba. Kwamba ikivuja tena, kitakachomwagika si oili peke yake.

"Na nikilipeleka kwa fundi," alisema baba, "nitakuwa nimemwambia mama yako nini?"

Hakuna aliyejua kwamba mama amesikia mpaka alipoingia na beseni la nguo. "Na nikishindwa?" aliuliza.

"Ukishindwa tutafagia."

Jumatatu iliyofuata mbao ziliwekwa, katoni ikatandikwa, soksi za baba zikatokeza mbele ya gari. Soja alifungua dirisha na kuviweka viatu vyake juu ya kizingiti, vimepangwa sawasawa. "Mathe, mimi nakuamini," alisema. "Hivi viatu ndivyo vina wasiwasi." Mama alicheka, kicheko chake cha sokoni ambacho sikuwa nimekisikia muda mrefu, na akapandisha mkono wa sweta.

Kuifungua filta kulimchukua muda kuliko zamani. Aliupumzisha mkono katikati, akaukunja na kuukunjua. Hatimaye ilitoka. Mama aliinyanyua na kunipa, mdomo ukiwa juu, kama tunavyofanya siku zote ili isimwagike. Niliipokea, nikaiinamisha juu ya beseni. Pete ya mpira ilikuwa pale pale mdomoni mwake, nzima, inang'aa kwa oili.

Kwa hiyo mimi nilijua. Nyuma ya injini pako wazi, hakuna kilichobaki.

Mama alirudisha mkono, akafumba macho.

"Mama," sauti ya baba ilitoka chini. "Kuna mpira?"

Nilitazama bega lake likisogea kidogo, likizunguka, likisimama, likizunguka tena. Soja alikuwa ameshika pazia. Maji yalikuwa yanatiririka kwenye bomba la wapangaji na mtu akalifunga.

"Hakuna," alisema mama.

"Haya. Funga."

Alifunga. Oili ikamiminwa. Baba aliingilia buti, akavuka viti, akawasha. Tuliinama sote, hata soja aliyetoka na shuka lake. Pakavu. Injini ilinguruma, na chini yake saruji ilibaki kavu. Baba alitoa kichwa dirishani, kadiri ukuta ulivyomruhusu, akasema, "Mwenye gari, pokea gari lako." Mama alikuwa ameshaingia jikoni kunawa.

Jioni, nilipokuwa nikipeleka takataka, nilimkuta baba amesimama kando ya pipa. Alikuwa ameitoa ile filta kuukuu, ameishika mdomo juu, anaitazama ile pete. Aliniona. Aliirudisha ndani ya pipa, akafunika, akaniuliza kama chakula kiko tayari.

Kesho yake mama alimpokea mteja wa rasta nyembamba, na baadaye wengine. Aliendelea kusuka kwa miaka iliyofuata, polepole kuliko zamani. Wako waliomsifu, na wako walioondoka. Baba hakuwahi kumuuliza, na mimi, ambaye kazi yangu ni kuuliza, pia sijauliza. Pete ilikuwa mbele ya macho ya mama aliponipa ile filta, na uso wake ulikuwa umegeukia upande wangu. Sijui kama lile "hakuna" alilijua kwa kidole au kwa jicho.